Mahari ya Moto

Teodori alitumwa maharage. Hilo tu.

Shangazi yake Gaudiosa alimwekea gunia la maharage ya harusi kijijini, upande wa Kaengesa. Jumamosi ile Teodori akafunga mapema kibanda chake cha kutengeneza simu pale Majengo, Sumbawanga mjini, akapanda bodaboda. Njiani shangazi akampigia asisahau kiberiti, chake kimeisha. Akanunua viwili.

Harusi ilibaki wiki tatu. Bibi harusi ni Marsiana, mwalimu wa chekechea, msichana wa kucheka hadi machozi. Mtu mwenye bahati kama hiyo angepiga mluzi njia nzima. Teodori alikuwa amenuna.

Sababu yake ukiisikia utamcheka. Ni gemu.

Walikuwa watatu katika kundi moja la gemu la kwenye simu, Falme za Ukungu: yeye, Marsiana, na Zenon, rafiki yake tangu shule ya msingi. Ukianza, gemu linakutaka uchague mambo mawili. Kwanza nafasi yako vitani: uwe mbeba ngao anayesimama mbele, mpiga mishale, au mganga anayeponya wenzake. Pili ni ufundi: uhunzi, ushonaji, au utengenezaji wa dawa. Nafasi unaweza kuibadilisha hata kesho. Ufundi ukishauchagua, umeuchagua. Na kila kundi lina mhunzi mmoja tu.

Teodori aliutaka uhunzi. Ukoo wao ndio uliokuwa ukifua majembe ya Wafipa nusu ya nchi ile, na babu yake alikuwa wa mwisho. Nani awe mhunzi kama si yeye? Lakini siku ya kuunda kundi bando lilimkatikia. Aliporudi, Zenon, ambaye kwao hakuna aliyewahi kushika hata nyundo, alikuwa ameshabonyeza. Teodori akabaki na ushonaji. Mbeba ngao mzima, anashona vitambaa!

Hilo angelivumilia. Ila Zenon akamfulia Marsiana pete. Pete ya kwenye gemu, ndiyo, ya kioo cha simu, yenye jiwe jekundu. Marsiana aliisifu wiki nzima. "Zenon ana mkono, jamani." Pete ya kweli, ile aliyovishwa na Teodori mbele ya wazazi, hakuisifu hata siku mbili. Ndivyo Teodori alivyohesabu, na mwenye wivu hahesabu vibaya hata mara moja.

Alimwamkia shangazi, akampa kiberiti kimoja. Cha pili kikasahaulika mfukoni.

"Mtandao uko wapi hapa, shangazi?"

"Panda kule kwenye ilungu. Usichelewe, ugali unapoa."

Ilungu ni tanuru la udongo walimoyeyushia chuma wazee. Lile la ukoo wao lilisimama mlimani nyuma ya nyumba, refu kuliko mtu, limebomoka kichwani, na chini lina kitundu ambacho hata paka angepita kwa shida. Utotoni Teodori alilipanda akichunga mbuzi. Jua lilikuwa linazama na upepo ulikuwa mkali, upepo ule wa Ufipa usiojua kupumzika. Akaegemea tanuru, akafungua gemu.

Walikuwa humo. Wawili tu. Pangoni, bila yeye.

Marsiana alimwandikia: "Tumekusubiri mpaka tukachoka. Zenon ananifulia taji."

Taji!

"Uhunzi ule ni wangu," Teodori akasema kwa sauti, peke yake mlimani. "Ni wangu. Ningetoa chochote niupate."

Upepo ukakatika.

Haukupungua. Ulikatika... nyasi zikasimama wima. Akasikia harufu ya mkaa, mkaa unaowaka, mahali ambapo hapakuwa na moshi.

"Hodi..."

Mwanamke alisimama upande wa pili wa tanuru. Kitenge kimemfunika kichwa hadi mashavuni. Mikononi ameshika kigae cha chungu, na ndani ya kigae nyasi kavu.

"Naomba moto," akanong'ona.

Kijijini jirani kuomba moto jioni ni jambo la kawaida kuliko salamu. Teodori hakushtuka sana. Akapapasa mfukoni, akakikuta kile kiberiti cha pili, akawasha njiti. Mwali ulisimama wima kabisa. Akauweka kwenye nyasi.

"Pokea, mama."

"Nimepokea." Alitabasamu, na meno yake yalikuwa meusi. "Na wewe umepata."

Akainama kwenye kile kitundu cha chini ya tanuru. Akaingia.

Teodori alitaka kukimbia. Miguu ilishaanza. Lakini simu ikatetemeka mkononi, naye, kwa ujinga ule ambao wivu humpa mtu, akasimama kusoma.

*Ufundi wako: mhunzi.*

Hofu yote ikamtoka. Kabla hajafika nyumbani Zenon akapiga. "Mshikaji, gemu limenifutia ufundi! Naonekana sina kitu kabisa."

"Pole sana," akasema Teodori, na moyo ukimchezea ngoma.

Jumapili alimpelekea Marsiana maharage. Marsiana akamkumbatia, kisha akamwachia ghafla.

"Unanuka mkaa. Ulikuwa kwa nani?"

"Kwa shangazi."

"Shangazi gani anayenukia hivi shingoni?"

Teodori akacheka, akatoa simu. Usiku mzima alikuwa amemfulia pete mpya ya kwenye gemu, ya dhahabu, kubwa kuliko ya Zenon. Akamtumia. Marsiana akafungua simu yake, akamvisha mganga wake wa kwenye gemu ile pete.

Akapiga yowe.

Simu ikaanguka. Kidole chake mwenyewe, cha nyama na damu, kilikuwa na jeraha la moto, duara kamili, chini ya pete ya uchumba. Pete yenyewe ilikuwa ya baridi. Teodori alipoiokota simu ya Marsiana aliona orodha ya kundi lao. Walikuwa watatu siku zote. Sasa walikuwa wanne. Jina la wa nne halikuandikwa. Mbele ya neno *Nafasi* palisomeka: *Mke.*

Katika Falme za Ukungu hakuna nafasi ya namna hiyo.

Watu husema Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Sawa, walitupa. Hawakusema ulipoangukia. Jumatatu asubuhi Teodori alikuwa tena kwa shangazi, amepiga magoti jikoni, anaeleza yote.

Shangazi Gaudiosa aliacha kupepeta.

"Ulimpa kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Akasema amepokea?"

"Alisema."

Shangazi akakaa chini. "Ilungu ni bibi harusi, Teo. Wazee walilijenga wakalipamba kama wanavyompamba bibi harusi, na aliyeliwasha kwanza ndiye mume. Siku za kuyeyusha chuma babu yako hakulala kwa bibi yako. Hakumgusa hata mkono. Ilungu lina wivu. Na mahari yake ni moto. Wewe umekwenda umeomba uhunzi kwa mdomo wako, umeombwa moto, umetoa, umepokelewa. Ukiwa umemposa mtu hivyo, unaitwaje?"

"Mume," akasema Teodori.

"Mimi nilidhani mnajua," shangazi akasema taratibu. "Kumbe hakuna aliyewaambia."

"Nitauzima. Nitamwaga maji."

"Moto uliwashwa kwa wivu wako, na wivu wako ndio kuni zake. Maji hayafiki. Siku utakayomwona Marsiana na Zenon wakicheka, na moyo usikuchome hata kidogo, utazimika wenyewe."

"Nisipoweza?"

"Mume wa ilungu haungui, mwanangu." Shangazi akayarudia maharage yake. "Anayeungua ni mke mwenza."

Alijitahidi. Tumpe haki yake, alijitahidi kweli. Alilifuta gemu. Alimpenda Marsiana, kwa hiyo alimdanganya: akamwambia ana mwanamke mwingine. Na katika uongo wote aliowahi kusema, huo ndio uliokuwa wa kweli kuliko wote. Marsiana alilia, akavua pete, akaiweka juu ya gunia la maharage, akaenda Matai kwa dada yake. Baada ya wiki moja kidole kilipona. Shangazi akapeleka habari kwamba ilungu limepoa, upepo unavuma mlimani kama kawaida.

Miezi miwili ikapita. Teodori akaanza kulala usingizi. Akaanza hata kupiga mluzi.

Kisha jioni moja, akiwa ameshafunga mlango wa kibanda na anapanga vifaa ndani, ujumbe ukaingia kutoka kwa Zenon.

"Mshikaji, nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Tusamehe."

Chini yake picha. Marsiana, Matai, anacheka hadi machozi. Kidoleni pete. Ya kweli. Ina jiwe jekundu.

Teodori akaweka simu mezani taratibu sana. Akashika meza kwa mikono miwili.

"Nawatakia heri," akasema.

Moyo kimya.

"Nawatakia heri, Mungu wangu, kwa moyo mmoja."

Kimya. Akapumua. Akaamini ameweza. Akaichukua simu aitazame picha mara moja tu, ya mwisho, na macho yakaenda yenyewe pale kwenye jiwe jekundu.

*Zenon ana mkono, jamani.*

Ikamchoma. Kidogo tu, kama cheche ya mkaa inavyoruka jikoni.

Nje, bati lililokuwa likigongwa na upepo tangu mchana likanyamaza.

Harufu ya mkaa...

"La," akanong'ona. "La, nimeacha, nimeacha! Sina wivu!"

Simu ikaita mkononi mwake. Marsiana. Akapokea, na hakusikia salamu, alisikia kilio, na nyuma ya kilio sauti ya Zenon ikiomba maji, maji, leteni maji.

Nyuma ya mgongo wake, ndani ya kibanda alichokifunga mwenyewe, mtu akapuliza taratibu, kama apulizavyo mama makaa ya asubuhi.

"Asante kwa kuni, mume wangu."