Sauti ya Mwenye Gesti

Blanketi la kijivu lilikuwa moja tu katika duka zima, na kwa bahati mbaya lilikuwa mabegani mwa mtu.

Mtu mwenyewe alisimama juu ya kiti mlangoni mwa duka la vitambaa, shati la njano, suruali iliyopigwa pasi ikapigika, kipaza sauti mkononi, anawaita wateja kwa sauti za kila aina. Mara ni bibi kizee anayelalamikia baridi, mara ni mume aliyenyang'anywa shuka na mkewe. Watu walijazana wakicheka, wengine wamesahau kabisa kilichowaleta. Pale sokoni walimwita Spika.

"Kaka, nalitaka hilo blanketi," alisema msichana mmoja mwembamba, gauni la buluu, nyuzi za rangi rangi zimemng'ang'ania pindoni.

"Hili ni vazi langu la kazi, dada. Nikikupa nitabaki na nini?"

"Utabaki na mdomo wako. Unakutosha."

Watu wakaangua kicheko. Spika, aliyezoea kuchekesha na si kuchekwa, akashuka kitini.

"Blanketi la nini kwenye joto hili?"

"La punda."

"Punda gani huyo anajifunika?"

"Punda wa sponji. Namtafutia ngozi. Na hiyo sauti yako ya bibi kizee naitaka pia, maana punda wangu anaweza kila kitu isipokuwa kusema."

Ndivyo walivyojuana. Wengine huanza kwa waridi, hawa walianza kwa punda.

Msichana huyo aliitwa Sindano na kila aliyewahi kufanya naye kazi, naye alikuwa fundi wa vikaragosi. Studio ndogo aliyofanyia kazi, juu ya duka la rangi, ilikuwa inatengeneza filamu ya kuchekesha ya Krismasi: kisa kile kile cha seremala na mkewe mjamzito wanaotafuta pa kulala, ila wote ni vikaragosi na mambo yote yamekwenda mrama. Punda ndiye pekee anayeijua njia na hakuna anayemuuliza. Mamajusi watatu wamepotea kwa sababu kila mmoja anafuata nyota yake. Malaika anaogopa kupaa. Na mwenye gesti, ile nyumba ya wageni, mnene, nyusi za brashi ya viatu, anafukuza kila anayebisha hodi, hadi mama mkwe wake.

Kazi ilikuwa na mtindo wake. Sindano alilala chali chini ya meza, mkono juu, ndani ya punda. Spika alikaa sakafuni kando yake na maikrofoni, macho hayabanduki kwenye ule mkono. Mkono ukifungua mdomo wa punda, yeye anasema. Ukifunga, ananyamaza, hata kama neno limemkaa kooni.

"Umenitangulia tena," Sindano alimkemea siku za mwanzo. "Sauti haimwongozi punda. Punda ndiye anaiongoza sauti."

"Nimewahi kuongozwa na wanawake, lakini na punda, hii mara ya kwanza."

"Funga mdomo."

"Fungua mkono, nione."

Wakazoeana hadi wakawa wanavuta pumzi pamoja. Na watu wawili wakishavuta pumzi pamoja, jamani, yaliyobaki hayahitaji mkalimani.

Jioni zikawa za simu.

"Uko na nani hapo, roho yangu?"

"Niko na malaika. Kifua wazi."

"Sindano! Nakuja sasa hivi."

"Njoo na gundi. Bawa limemtoka."

Na kila simu, bila kukosa, sauti nyingine iliingia kutoka chumba cha pili: "Mama, umekula?"

Huyo alikuwa baba. Fundi cherehani mstaafu, mjane, aliyemlea binti yake wa pekee katikati ya vipande vya vitambaa na kumwita mama tangu anatambaa. Miaka yote ya kazi alibana pini mdomoni upande wa kulia, akaongea kwa upande wa kushoto. Alipostaafu pini zilikwisha, lakini ile tabia ya kuongea upande haikwisha. Maneno yake yalitoka pembeni, makavu, mafupi, kama ya mtu anayeogopa kumeza kitu.

"Mjibu kwanza," Spika husema kwenye simu. "Mzee ameuliza."

Siku ya kwenda kujitambulisha, Spika alivaa koti la kuazima lililombana kwapani, akabeba mfuko wa matunda, akapiga hodi. Mzee akafungua mlango kiasi cha jicho moja. Akamtazama juu hadi chini, akatazama na mfuko.

"Hapa hatununui kitu, kijana," akasema kwa upande, akafunga.

Sindano alipotoka jikoni anafuta mikono, mgeni alikuwa ameshafika barabarani.

"Baba! Yule ndiye niliyekwambia!"

"Nimemjua. Ni yule wa makelele juu ya kiti. Mtu asiye na sauti yake mwenyewe, mama, siku ya shida atakuitikia kwa sauti ya nani?"

Sindano, kwa ule ujinga wa watu wakweli, akayarudisha maneno hayo kwa Spika kama yalivyo. Spika akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na tangu siku hiyo hakutaja tena kurudi.

Hata hawajapata nafasi ya kulisuluhisha hilo, baba akaanguka. Alikutwa bafuni, bomba linatiririka. Kiharusi, daktari alisema. Mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umevutwa upande wa kushoto, upande ule ule wa maneno yake, na maneno hayamo. Sindano alimwandikia Spika ujumbe mfupi, baba anaumwa nitakutafuta, kisha akazima simu. Hakuwa na nguvu ya kubembelezwa. Usiku na mchana alimlisha uji kwa kijiko, akimfuta kidevu, akingoja aulizwe kama yeye mwenyewe amekula. Hakuulizwa, na kimya hicho ndicho kilichomliza kuliko ugonjwa wenyewe.

Mzee aliporuhusiwa kurudi nyumbani, shangazi akaja kukaa naye, na Sindano akaenda studio walau akaguse kazi. Ngazi zilikuwa zinatetemeka kwa vicheko. Akasukuma mlango.

Mwenye gesti alikuwa juu ya meza, mkononi mwa mtu mwingine. Kando yake Spika, maikrofoni mdomoni, na mdomo wenyewe ameuvuta kushoto, umepinda.

"Hapa hatununui kitu, kijana," mwenye gesti alimwambia seremala. Kavu, fupi, pembeni.

Mwongozaji alikuwa ameinama, machozi ya kucheka yanamtoka. Mwenye taa alikuwa anajipiga mapaja. Sindano alisimama pale mlangoni, akausikia mdomo wa baba yake ukichekwa na chumba kizima.

Spika akamwona. Sauti ikakatika.

"Mpenzi, umerudi! Mzee anaend..."

"Baba yangu hawezi kusema," alisema Sindano. "Mdomo umepinda hivyo hivyo ulivyoupinda. Kijiko hakipiti. Nyinyi mnacheka."

Akamchomoa mwenye gesti mkononi mwa yule mtu, akamtia kwenye begi, akashuka ngazi. Spika alimfuata hadi chini akimwita kwa majina yote aliyowahi kumpa, na hakuna hata moja lililomgeuza.

Sindano alipopokea simu, ni kwa sababu ilikuwa imelia hadi shangazi akachoka.

"Nisikilize, mpenzi."

"Usiniite hivyo."

"Nisikilize, fundi. Aliyekuwa anamsemea mwenye gesti aliacha kazi, nikapewa mimi. Nilijua mzee anaumwa, sikujua anaumwa nini. Wallahi sikujua habari ya mdomo."

"Kwa hiyo angekuwa mzima, ingefaa kumcheka?"

Spika, mtu wa maneno, safari hii alitumia moja.

"Hapana," akasema. "Isingefaa. Nilikuwa na hasira naye. Alinifungia mlango, nikataka na mimi nifungie watu mlango kwa sauti yake. Ila nilivyoendelea kuisema hasira ikaniisha. Nikaanza kumpenda, Sindano. Sijui nikuelezeje."

"Usinieleze," akasema, akakata. Kisha akalia sana, maana sehemu ya kwanza aliichukia na ya pili aliiamini.

Studio ilikwama. Mwenye gesti alionekana karibu kila onyesho, na wa pili hakuwepo. Mwongozaji alituma salamu, akatuma maombi, akatuma vitisho vya adabu. Sindano hakujibu. Kikaragosi kilikaa juu ya cherehani ya baba, kimeegemea ukuta, nyusi zimemsimama kama amedaiwa.

Mzee alikitazama siku nzima kutoka kwenye kiti chake. Jioni alikinyooshea mkono wa kushoto, ule mzima. Sindano akampa ili asisumbuke. Mzee akakipapasa mishono, akaigeuza ndani, akaikagua kama zamani alivyokagua pindo za wanafunzi wake. Akatikisa kichwa kidogo: kazi nzuri. Kisha akapenyeza mkono ndani, na mwenye gesti akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

Hakuna kilichotoka.

Hodi ilipigwa wakati huo huo. Sindano alifungua kiasi cha jicho moja. Spika alikuwa amesimama hapo, shati la njano limekunjamana, amekonda, mkononi hana kitu.

"Hapa hatununui kitu," alisema Sindano.

"Sijaja kuuza. Nimekuja kumwomba mzee radhi. Nikishamwomba nitaondoka."

Nyuma ya Sindano kukasikika ngo, ngo, ngo. Baba alikuwa anagonga kichwa cha mwenye gesti kwenye mkono wa kiti. Alipoona wamegeuka, akakielekeza kikaragosi mlangoni, akafungua mdomo wake wa sponji na kuufunga, haraka haraka, kwa ukali wa fundi anayengoja uzi.

Spika akaelewa. Sindano naye akaelewa.

"Usithubutu," akamnong'oneza.

"Sithubutu. Anataka yeye."

"Baba, unataka aseme?"

Mzee akainamisha kichwa, mara moja. Sindano akamtazama baba, akamtazama Spika, kisha akaachia kitasa.

Spika akapiga magoti mbele ya kiti, macho kwenye ule mkono. Mdomo wake akauvuta kushoto taratibu, kwa heshima, kama mtu anayevaa koti la mwenzake.

"Kijana huyu," mwenye gesti akasema, "ni mtu mzuri sana, apewe binti..."

Mwenye gesti akafumba mdomo pap! Akamrukia Spika, akambana pua.

"Shikamoo mzee! Nimekoma! Nimetangulia, nimekoma!"

Kifua cha mzee kilikuwa kinatikisika. Sindano alisogea kwa hofu, kisha akaona: baba anacheka. Hakuwa amecheka tangu aanguke bafuni.

Halafu mzee akamgeuza mwenye gesti, pole pole, hadi akamwelekea binti yake. Mdomo ukafunguka, ukabaki wazi, unangoja.

Spika hakuwahi kuogopa maikrofoni maishani, lakini hapo aliogopa. Safari hii hakutangulia. Aliutazama ule mkono hadi ulipoanza kusogea wenyewe, akavuta pumzi pamoja nao.

"Mama," sauti ikasema, kavu, fupi, pembeni. "Umekula?"

Sindano akaanguka magotini mwa baba yake akalia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Mzee alikuwa anakubali kwa kichwa, anakubali tu, machozi yanamfuata njia ya mdomo uliopinda. Ndilo neno lenyewe. Alikuwa nalo siku zote hizo, halikuwa na pa kutokea.

"Bado, baba," akasema. "Sijala. Nitakula."

Spika akasimama, akapangusa magoti, akaelekea mlangoni kama alivyoahidi.

"Unakwenda wapi?"

"Nilisema nikishaomba nitaondoka."

"Hujaomba bado. Umebanwa pua tu." Sindano alijifuta uso kwa kiganja. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Na hiyo sauti haichekwi tena. Filamu mtaitafutia nyingine. Hii ni ya hapa nyumbani."

"Ya hapa nyumbani," Spika akaitikia, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ndogo na haikuwa na madoido. Mzee akainua kichwa kuisikiliza.

Sindano akaenda jikoni, akafunua sufuria, akasimama kidogo na mwiko mkononi. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Na wewe, umekula?"