Familia ya Kuazimana

Walikutana ndani ya lifti iliyojaa pomoni, kila mtu akikwepa kiwiko cha mwenzake. Dada mmoja alikuwa fundi wa miwani, koti lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, na jamaa mwenye kamera shingoni alikuwa akimchoma mbavu kwa fremu kubwa ya picha.

"Kaka, ukinichoma tena utanipeleka hospitali."

"Nikikupeleka, utanipa namba ya simu?"

Lifti nzima ikaangua kicheko. Namba akampa, huku akijifanya hataki.

Mapenzi yakashika kasi. Dada akamwita jamaa Flashi. Flashi akamwita Miwani. Wote walikuwa watoto wa wakimbizi waliovuka mpaka mwaka mmoja, na Flashi alikuwa akikusanya picha zao za zamani kwa maonyesho ya kuukumbuka mwaka ule. Siku ya maonyesho ndipo angejitambulisha kwa mama yake Miwani.

Jumamosi wakakaa ukumbini kuchambua sanduku la nakala za picha lililoletwa na mjane wa mwenye studio ya zamani. Miwani akatoa picha moja, akaganda. Mama yake mzazi, bado msichana, gauni la mikono ya puto, amempakata mtoto wa kiume. Mwanamume asiyemjua kamshika bega.

"Laazizi, umeipata!" Flashi akafungua pochi, akatoa picha ile ile, imechakaa pembe. "Huyu baba, huyu mimi, huyu mama yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, shangazi akaikuta kwenye vitu vyake. Mama alipotea nikiwa mchanga, na shangazi hakuwahi kumwona. Ila mpiga picha alilala! Ona pengo aliloacha huku upande wa baba."

Miwani akasema kichwa kinamuuma, akatoka nusura ajigonge mlangoni. Yaani nampenda kaka yangu?

Kazini lenzi zikamponyoka. Simu ikaita mpaka wenzake wakamkodolea macho.

"Kipenzi, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Kuna mtu mwingine?"

"Flashi, niache nipumue."

"Maonyesho ni kesho. Utakuja na mama, au ndiyo basi tena?"

Akakata simu, akajifungia chooni kulia. Kumuuliza mama aliogopa, maana asipouliza angalau matumaini yalikuwepo. Lakini mama alishaandaa nguo za kuvaa kesho. Jioni akamwonyesha picha ile, aliyotumiwa na Flashi kwenye simu.

"Mama, huyu mtoto ni wako?"

Mama akaacha pasi, akakaa kitini, akacheka mpaka machozi, kisha akalia kweli.

"Wazazi wangu kule nyumbani walikuwa hawalali, mwanangu. Binti peke yake ugenini! Mwenye studio akasema, wewe huna mume, yule bwana mkewe hayupo, kaeni pamoja niwapige picha. Wengi tulifanya hivyo. Tuliazimana waume, watoto, hadi viatu. Picha ikaenda nyumbani, wazee wakapata usingizi. Huyo mtoto alinikojolea gauni la watu. Hata jina lake sikuuliza."

Miwani akamkumbatia mama yake kwa nguvu. Halafu furaha ikamkauka: Flashi angepata mchumba, apoteze mama. Akampigia; simu imezimwa.

Kesho yake Miwani na mama yake walikuta picha imekuzwa, imetundikwa mlangoni mwa ukumbi. Flashi, shati jipya la bluu, akageuka, akaiona sura ile ile imezeeka kidogo.

"Mama?"

"Hapana, baba." Mama akamshika mikono yote miwili. "Nilikuazima tu." Akamweleza yote pale pale, watu wakipita.

Flashi akaitazama picha upya. Miwani akawaza: Huenda huyu asingetaka kumtazama tena maishani.

"Kwa hiyo mama yangu hayumo," Flashi akasema.

"Yumo. Mwenye studio alitaka kutubananisha, baba yako akakataa. Akasema, upande huu niachie, hapa ni pa mke wangu."

Flashi akalisogelea lile pengo, akaliwekea kiganja. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, lakini alimtazama Miwani kwanza.

"Mama, uliniazima siku moja ukanirudisha. Safari hii naomba usinirudishe."

Mama akamtazama binti yake. Miwani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mradi umeacha kukojoa," mama akasema, akamsukuma binti yake kwa Flashi.