Koti la Kwenda Norwe

Silantoi hakuwapenda watu wanaoshika mtumba kwa vidole viwili kana kwamba wanaokota panya aliyekufa. Kwa hiyo alipoona mkono wenye saa inayong'aa umeng'ang'ania koti zito alilokuwa akilivuta yeye kwenye rundo la soko la Kilombero, hakuliachia.

"Samahani dada, nimeliona kwanza," mwenye saa akasema. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, na viatu vyake vyembamba vimechongoka, katikati ya tope lote lile.

"Wewe umeliona, mimi nimelishika. Na koti la namna hii Arusha la nini? Unalala kwenye friji?"

"Naenda Norwe. Kampuni ya utalii ninayofanyia kazi imenizawadia safari ya meli, watu wawili. Inapita kwenye fyodi, yaani bahari imeingia katikati ya milima. Watu wanakaa wanatazama."

"Wanatazama nini?"

"Milima. Na maji."

Silantoi akacheka kwa dharau. Kwao Olmotonyi, Mlima Meru ulikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe na hakuna aliyewahi kupewa zawadi ya kuutazama. "Nenda Momela. Milima ipo, maji yapo, na twiga wa nyongeza. Koti hili ni la baba yangu. Anatoka na ng'ombe alfajiri, baridi inamwingia kifuani."

Yule kijana akaliachia pale pale. "Mpelekee mzee. Naitwa Ebenezer. Na huyo wa pili wa safari bado namtafuta."

"Tafuta na viatu," Silantoi akajibu, lakini namba ya simu alimpa.

Mapenzi yakashika. Silantoi akiwa kazini kwake Olasiti anashona mapazia ya watu, simu inalia.

"Mama mapazia, umekula?"

"Nimekula, mtalii wangu. Kuogelea umeshajua, au utazama mbele ya wazungu?"

Silantoi alimtukana kila siku, na siku Ebenezer asipopiga, sindano ilimchoma vidole. Alijichukia kwa hilo. Ila kulikuwa na jambo moja: kila alipomwambia aende Olmotonyi kwa baba yake akajitambulishe, Ebenezer alihamishia maneno kwenye meli.

Jumamosi moja walikutana kwenye mgahawa karibu na Mnara wa Saa. Silantoi alivaa gauni la bluu aliloshona mwenyewe. Ebenezer, bila hata kulisifu, akaweka mezani vitabu viwili vya picha za meli.

"Chagua, mpenzi, kampuni imetuachia. Hii kubwa ina bwawa la kuogelea, ni hoteli kabisa. Hii ndogo inabeba mizigo, inasimama kila kijiji."

"Bwawa juu ya bahari! Wana wazimu. Na kwetu tunakwenda lini?"

"Tukirudi, mama. Chagua kwanza."

Silantoi akasukuma soda pembeni. "Unataka nilale na wewe melini kabla baba hajakujua hata sura? Wewe ndiye hiyo meli kubwa, Ebenezer. Unapita mbali, unapiga picha vijiji vya watu, hushuki. Unaogopa tope la kwetu litakuharibia viatu. Mwanaume gani wewe? Kilichonyooka kwako ni suruali tu."

Akaondoka. Simu zake hakupokea, mpaka siku moja alipopokea ili amtukane vizuri zaidi.

"Sikuwaonea haya watu wenu," Ebenezer akamwahi. "Kuposa mtu haendi peke yake. Baba alishafariki, na baba zangu wadogo kule Machame tuligombania shamba. Wameapa hawatanisindikiza popote. Ningekuja na nani? Ningesimama mlangoni kwenu kama muuza sabuni."

Silantoi akaweka chini pazia la mtu.

"Mjinga," alisema. "Ungesema tangu mwanzo. Njoo hivyo hivyo."

Jumapili baada ya ibada, Ebenezer alipanda Olmotonyi na ndoo ya asali ya posa begani, vile viatu vimezama topeni. Mzee Saning'o alikuwa ameketi nje, amevaa koti lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Sina, baba. Nimekuja mwenyewe."

Mzee akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasonya. Mlangoni kwa jiko, Silantoi akausikia. Waposaji wa maana walisharudishwa kwa msonyo huo.

"Mwanaume hajiposei," mzee akasema. "Silantoi! Kamwite Nathanaeli."

Jirani akaja na fimbo yake.

"Nathanaeli, kaa upande ule. Leo wewe ni baba wa huyu."

Nathanaeli akamzunguka Ebenezer kama anakagua ndama wa mnadani. "Huyu? Saning'o, unanipa mtoto mwenye viatu kama mdomo wa korongo?"

"Ndiye aliyepo. Na koti hili ndiye aliyeniachia."

"Haya. Kaa karibu yangu, mwanangu, na unyamaze. Nitasema mimi."

Ebenezer akakaa, akainamia ndoo ya asali, machozi yakimtoka. Silantoi alimdharau kwa kulia mbele ya wazee, na alimpenda mpaka kifua kikamuuma.

Jioni, mzee akiwa ameshapokea asali, Silantoi alimsindikiza Ebenezer hadi barabarani.

"Nimechagua meli. Ile ndogo."

"Kwa nini, mama?"

"Inashuka kwa watu na kupiga hodi. Koti tafuta lingine, hilo baba hatoi."

Ebenezer akasimama. "Lakini wewe mwenyewe hujanijibu. Utakubali nikuoe?"

"Mimi siongei na watoto," Silantoi akasema, akimshika mkono. "Kamuulize baba yako Nathanaeli."