Ndara za Mtoto wa Tatu

Jozi ya tatu ilikuwa imelowa. Mama alizikuta mlangoni mwa bafu, ndara ndogo nyeupe za kitambaa, zile ambazo hoteli za wenye nacho huwawekea hata watoto. Jozi mbili kavu, moja inachuruzika maji. Mumewe alishaondoka, na wanawe wawili walikuwa bado wamelala fofofo.

Kosa lilikuwa la mama mwenyewe. Ofisi ya mumewe ilimtuma mkutanoni nchi ya watu, naye akaona awachukue wote, mkewe apate kupumua nje ya nyumba ya msiba. Pale mapokezi, msichana mwenye tabasamu la kazi aliuliza wana watoto wangapi, na mama, kwa mazoea ya miaka, akajibu, "Watatu." Mumewe alimtazama tu. Nani angekuwa na moyo wa kumsahihisha? Wa kati, waliyemwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuwaamrisha watu wazima, walikuwa wamemzika msimu wa mvua uliopita. Kifua ndicho kilichommaliza. Basi wakaletewa vitanda vidogo vitatu.

Mchana ule, watoto walipolala, mama alivuta yale mapazia mazito yanayogeuza adhuhuri kuwa usiku. Ndipo kikohozi kikatoka kitanda cha tatu, kikavu, kikifuatwa na harufu ya dawa ya kuchulia kifua. Shuka lilikuwa limetuna, kiasi cha mtoto.

Mwanamke mwingine angepiga yowe. Yeye alikwenda akamfunika vizuri, na mimi siwezi kumlaumu. Hakumwambia mtu. Alianza kukataa matembezi, akashinda ndani akikitazama kitanda kile, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasikika akiimba.

Aliyenyauka ni Kidoti, kitinda mimba. Alikataa bwawa, alikataa chakula, mikono yake ikawa baridi kama ametolewa kwenye friji. Kisha akaanza kukohoa, kikohozi kilekile.

"Kaka anasema kitandani kwake kuna baridi," alinong'ona. "Anataka nikalale naye. Nikishazoea, tutaondoka wote."

Dada mkubwa alimvuta mama kando. "Mama, yule siyo Bosi. Bosi alikuwa ananiita dada. Huyu ananiita 'wewe'. Hata jina langu halijui."

Mama alikwenda akamnyanyua Kidoti. Mumewe aliporudi alimkuta sakafuni, amempakata mtoto kifuani.

"Nilijua, baba watoto. Nilijua, nikanyamaza."

Hakumgombeza. Alimpigia simu shangazi yake, mwanamke mkali aliyetoa majini katika nyumba nyingi za watu, ambaye hadi leo huongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara. Siku ile hata yeye alishusha sauti.

"Bosi nilimwosha mimi, kwa mikono hii," alisema. "Mtoto wetu amepumzika. Hilo ni jini, zururaji lisilo na kwao. Nani kalikaribisha?"

"Mimi, shangazi," mama alijibu.

"Basi mimi nitasoma, lakini wa kulitoa ni wewe. Liambie si lako. Na likikuita, usiitike, mwanangu. Ukiitika, limekupata, na Kidoti hutabaki naye."

"Hata likilia?"

"Litalia."

Baba aliwashika watoto mlangoni. Simu iliwekwa juu ya mto, shangazi akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya dawa ilivyozidi hadi macho yakawasha, taa zikafifia, maji yakaanza kumwagika bafuni pasipo mtu, kikohozi kikapanda na kushuka na kupanda tena huku kifua cha Kidoti nacho kikikijibu, na shuka la kitanda cha tatu likainuka polepole, likakaa kitako, likamgeukia mama.

"Nina watoto wawili," mama alisema. Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Nina watoto wawili. Wa kati nilimzika. Wewe si wangu. Toka."

"Mama," kikasema kilichokuwa chini ya shuka, kwa sauti ya Bosi yenyewe. "Mama, nimefanya nini?"

Aliuma midomo mpaka akaionja damu.

"Mama, sitakohoa tena. Nitanyamaza. Mama?"

Hakuitika. Shuka likaanguka, na chini yake hakukuwa na kitu ila unyevu uliochora umbo la mtoto aliyejikunja.

Jioni Kidoti aliomba chakula, akala, mashavu yakapata joto. Baba alilia bila kujificha. Kisha mtoto akauliza, mdomo umejaa, "Mama, kaka alikuita. Mbona hukuitika?" Mama alimfuta mdomo, akamwongezea chakula.

Walirudi kwao, Kidoti akapona kabisa. Ila kuna adhuhuri ambapo mama huitwa kutoka chumba kisicho na mtu, kwa upole, mara nyingi, kama aitavyo mtoto anayejua kwamba mama yupo na anasikia. Yeye huendelea kukunja nguo za wale wawili, machozi yakimdondokea mikononi, na haitiki.