Mbwa Aliyeandikwa wa Mitaani

Siku ya chanjo ya mbwa, upande wa chini wa soko la Gakoromone ulijaa makelele hadi wauza viazi wakahamisha magunia yao. Mbwa walibwekeana, paka walilia ndani ya vikapu, na wenyewe walitupiana maneno ya nani alitangulia foleni. Chini ya hema la buluu, Gatwiri alikuwa ameinamia kitabu kikubwa cheusi chenye mgongo mwekundu. Alivaa koti jeupe lililomzidi mikono, kitambaa cha kijani kichwani, na gambuti zenye matope ya tangu asubuhi.

Alikuwa karani wa makao ya mbwa na paka yaliyo nje kidogo ya mji wa Meru. Kila mnyama aliyeingia alipewa mstari wake kitabuni: tarehe, rangi, jinsia, ametoka wapi. Mwisho wa mstari palikuwa na nafasi ya kuandika yaliyompata: amechukuliwa na familia mpya, amerudi kwa mwenyewe, amekufa, au amedungwa sindano ya mwisho. Gatwiri hakuacha nafasi tupu. Mkubwa wake, Daktari Kathuri, alizoea kumtania kwamba angekubali kukosa chakula cha mchana kuliko kukosa jibu la paka mmoja.

"Madam, hapa ndipo mnapokea mbwa?"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, mwenye sweta ya kijivu iliyomkaa kana kwamba ilifumwa akiwa ndani yake. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alikaa mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika.

"Tunapokea. Ni wako?"

"Hapana. Nimemwokota Makutano, asubuhi hii."

"Jina lake?"

"Nitajuaje jina la mbwa wa kuokota?"

"Na kamba?"

"Alikuwa nayo."

Ilikuwa kamba ya uzi wa sweta, rangi ya damu ya mzee, imesukwa kwa subira na kumaliziwa fundo dogo safi. Kipande cha uzi wa rangi hiyo hiyo kilikuwa kimenasa kwenye suruali ya yule mwanamume. Gatwiri alikiona.

"Basi nipe jina lako wewe, maana wewe hujaokotwa."

Mwanamume alicheka bila kupenda. "Mugendi. Nafuma masweta ya shule, ghorofani juu ya lile duka la vyombo. Na hilo koti lako, madam, nani alikushonea mikono ya watu wawili?"

"Ni la kazi. Halina mwenyewe."

"Lilete nilipunguze. Linanitesa macho."

Alipoondoka, mbwa hakubweka. Alisimama, akaivuta kamba mpaka ikakazana, akaufuata ule mgongo wa kijivu kwa macho hadi ulipopotelea katikati ya watu. Aliendelea kupatazama pale pale muda mrefu baadaye.

Gatwiri aliandika, "Ametoka wapi: Mitaani." Kisha akachukua penseli, akaweka nukta ndogo pembeni.

Nukta hizo hakuna aliyezijua. Watu wengi waliona haya kusema kwamba mbwa ni wao na wamemchoka, au wanahama, au mwenye kumpenda amefariki. Ilikuwa rahisi kusema, "Nimemwokota." Gatwiri aliandika walivyosema, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika, si kuhukumu. Lakini mbwa wa kuokotwa hamtazami hivyo mtu anayeondoka. Kwa hao aliweka nukta, na kwenye jalada la nyuma, kwa herufi ndogo sana, alikuwa ameandika: *nukta = si kweli*.

Jumamosi iliyofuata Mugendi alifika makaoni na mfuko wa mandazi ya moto.

"Nimepita tu," alisema. "Nimeona nimjulie hali yule rafiki."

"Rafiki hajala vizuri. Wewe je?"

"Mimi nimekula. Ila nimekosa wa kunitukana tangu Jumanne."

"Chukua koti, ukiliharibu tutakutukana."

Koti alilichukua, akalirudisha Jumatano likiwa limemkaa Gatwiri sawasawa, mpaka Misheck, aliyesafisha vibanda, akapiga mluzi. Ziara za Jumamosi zikawa desturi. Mugendi aliketi sakafuni kando ya yule mbwa, akamkuna chini ya sikio lililochanika, mahali penyewe hasa, bila kupatafuta. Kisha yeye na Gatwiri walishuka mjini kunywa chai, wakizozana nani alipe na nani amemaliza chapati ya mwenziwe. Jioni simu zililia.

"Karani wangu, umeandika nini leo?"

"Paka watatu ndani, mmoja nje. Na wewe, fundi?"

"Masweta kumi na moja, na shingo moja imekataa. Gatwiri..."

"Nakusikia."

"Hakuna. Nilitaka tu kulitaja jina."

Gatwiri aliishi kwa maneno kama hayo wiki nzima. Alijua kwamba Mugendi alifiwa na mkewe, Susan, mwaka mmoja na nusu uliopita. Hilo alikuwa ameambiwa siku ya chai ya pili, kwa sauti ya chini, huku Mugendi akikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani. Lakini kuhusu mbwa hakuambiwa neno. Kila Jumamosi Gatwiri alijiambia, leo atasema. Kila Jumamosi Mugendi alisema "rafiki", akaenda zake.

Wiki ya sita, Misheck alitaka kuifua ile kamba, maana ilikuwa imeanza kunuka. Aliponyoosha mkono kuivuta kutoka chini ya kidevu cha mbwa, mbwa akamuuma.

Misheck alioshwa jeraha kwa sabuni na maji mengi, akapelekwa hospitalini kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa akafungiwa kibanda cha peke yake.

"Siku kumi za kumtazama," Daktari Kathuri alisema. "Baada ya hapo, Gatwiri, sina la kufanya ila sindano ya mwisho. Mbwa ameuma, wa mitaani, hana historia ya chanjo. Siwezi kumpa mtu mbwa kama huyo kwenye nyumba yenye watoto."

"Na kama angekuwa na mwenyewe?"

"Mwenyewe mwenye kadi ya chanjo? Siku kumi zikiisha salama ningemkabidhi. Kwani ana mwenyewe?"

Gatwiri alitazama kitabu. "Kitabu kinasema mitaani."

Alimpigia Mugendi mchana huo huo, akamweleza yote, hata sindano ya mwisho. Upande wa pili mashine ya kufumia ikasimama.

"Mpe Misheck pole," Mugendi alisema hatimaye.

"Huna kingine cha kuniambia?"

"Kama nini?"

"Chochote, Mugendi. Nafasi ndiyo hii."

"Nitakuja kesho."

Alikuja. Gatwiri alikuwa jikoni akichemsha chai, na kitabu kilikuwa wazi mezani. Aliporudi na vikombe, Mugendi alikuwa amesimama, kidole kwenye mstari wa sita, jalada la nyuma limefunuliwa.

"Nukta ni si kweli," alisoma polepole. "Tangu siku ile ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kumbe Jumamosi zote hizo, unacheka na mimi, unakunywa chai na mimi, na umeniandika mwongo."

"Niliandika ulichoniambia. Nukta ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nangoja uiondoe."

"Ulikuwa unanipima."

"Na wewe ulikuwa unamwita rafiki!" Sauti ya Gatwiri ilipanda kuliko alivyotaka. "Zimebaki siku tisa, Mugendi. Leta kadi, kama ipo."

Uso wa Mugendi ukafungika. "Hujui unachoniomba," alisema, akaacha chai ikitoa mvuke.

Siku hiyo simu yake ikazimwa. Mteja hapatikani, siku ya pili, ya tatu, ya nne. Gatwiri alipanda ngazi za duka la vyombo, akaukuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kijana wa duka alimwambia fundi amekwenda kwao Embu, upande wa Runyenjes, akamwelekeza nyumba ilipo.

Siku ya saba alimwomba daktari ruhusa ya siku moja. Alifungua kabati la vitabu vya zamani, akatoa cha kwanza kabisa, akakifunga kwa gazeti. Alivaa gauni la buluu la kanisani na lile koti jeupe juu yake, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ukungu, na pia kwa sababu ambayo hakutaka kuifikiria.

Nyumba ya mama Mugendi ilikuwa chini ya barabara, katikati ya kahawa na migomba. Mama mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye macho makini, alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaishia kwenye koti.

"Mikono hiyo ni kazi ya mwanangu," alisema. "Ingia. Labda wewe atakusikiliza. Amekaa na mkoba wa marehemu mkewe tangu Jumatatu kama mtu anayelinda jiwe."

Mugendi alikuwa sebuleni. Mezani mbele yake palikuwa na mkoba wa mwanamke, mweusi, mkanda wake umekatika na kushonwa kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee.

Gatwiri hakumpa nafasi ya kusimama. Aliketi, akafungua gazeti, akamwekea kile kitabu mapajani.

"Soma mstari wa nne."

Alisoma kwa sauti. "Dume, mweupe na mweusi. Ametoka wapi: Mitaani, Kiirua." Akasita. "Kuna nukta."

"Mwandiko wa juu ni wa daktari. Nukta ni yangu, niliiweka baadaye. Aliyempeleka ni mimi. Alikuwa wa baba yangu. Tulipomzika baba, yule mbwa alilala juu ya udongo siku tatu, na mama akasema hawezi kumwona tena. Nikampeleka, nikasema nimemwokota barabarani. Baada ya siku kumi moyo ukanirudisha kumuuliza. Soma mwisho."

"Amekufa. Siku ya tisa. Hakula."

"Nilimwomba daktari kazi siku hiyo hiyo. Nilitaka angalau niwe naandika mimi." Alivuta pumzi. "Ile nukta yako sikuiweka kukuhukumu. Niliiweka kwa sababu nilikutambua. Lakini nilipaswa kukuambia. Hilo ni kosa langu, na nimekuja kulisema."

Mugendi alikifunga kitabu taratibu.

"Anaitwa Kahawa," alisema. "Susan ndiye aliyempa jina. Kila jioni, saa ya Susan kutoka kazini, alikuwa anakwenda langoni kumngoja. Baada ya mazishi aliendelea. Mwaka mzima, Gatwiri, kila jioni anakwenda langoni. Anasikia gari, anasimama. Gari linapita, anakaa. Mimi nilikuwa nimeanza kujifunza kutongoja. Nikashindwa kuishi na anayengoja."

"Na kadi?"

Alielekeza kidevu kwenye mkoba. "Imo humo. Susan alikuwa nao siku aliyofariki. Walinikabidhi hospitalini na sijaufungua. Nilikuja kuufungua siku ile ile tuliyogombana. Siku sita nauangalia." Akamsogezea. "Nifungulie wewe."

Gatwiri alitikisa kichwa. "Si wangu. Lakini siondoki."

Mama Mugendi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, naye hakuondoka. Mugendi aliweka vidole kwenye zipu, akavitoa, akaviweka tena. Akavuta.

Ndani palikuwa na leso iliyokunjwa mara nne, mafuta ya midomo, peremende mbili zilizogandamana, na kitanzi cha uzi wa sweta kilichokuwa kimeanza kusukwa. Chini kabisa, kadi ya manjano. *Jina: Kahawa. Wenyewe: Susan na Mugendi.* Mihuri mitatu ya chanjo, wa mwisho wa ile ya miaka mitatu, bado ukiwa na nguvu mpaka Desemba. Mugendi aliileta karibu na uso, si kuisoma. Alilia bila sauti, na Gatwiri akakaa kama alivyoahidi, mkono wake karibu na wa Mugendi, bila kuugusa, hadi Mugendi mwenyewe alipoushika.

Siku ya kumi ilipoisha salama, Misheck mwenyewe, kidonda kikiwa kimekauka, ndiye aliyefungua kile kibanda.

"Toka, mheshimiwa," alimwambia mbwa. "Kumbe una watu wako na unatuuma sisi maskini."

"Kahawa," Mugendi aliita.

Mbwa alisimama. Alimjia polepole kama mzee anayetoka kanisani, akakiegemeza kichwa kwenye goti lake, akakiacha hapo.

Ofisini Gatwiri alimpa Mugendi kalamu. Mugendi akakata "Mitaani", akaandika "Mwenyewe", akatia sahihi. Mwisho wa mstari Gatwiri aliandika, "Amerudi kwa mwenyewe," kisha akachukua kifutio na kuifuta nukta.

"Na ya kwako?" Mugendi aliuliza.

"Ya kwangu itabaki. Yule hakurudi."

Ilisalia fomu ya kumkabidhi. Gatwiri aliuliza, Mugendi akajibu, kalamu ikikimbia. Nyumba ina lango? Lina. Atalala wapi? Ndani, mlangoni. Kisha Gatwiri akasoma swali la mwisho, na sauti ikampungua.

"Nani mwingine anaishi nyumbani?"

Mugendi alimkuna Kahawa chini ya sikio.

"Nikisema hakuna, itakuwa kweli ya leo," alisema. "Lakini sitaki kuandika hakuna. Nikiandika ninachotaka, nitakuwa nimedanganya kitabu chako mara ya pili. Nipe muda, Gatwiri. Langoni bado kuna mtu anayengojwa, na Kahawa na mimi lazima tumuage vizuri. Ukiweza, hiyo nafasi iache."

"Sijawahi kuacha nafasi."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Daktari Kathuri alipopita kukusanya fomu za siku, aliiona ile, akaivuta karibu na miwani.

"Gatwiri, hapa umesahau."

"Sijasahau, daktari," alisema, akiwatazama mwanamume na mbwa wakishuka kuelekea barabarani, kamba ya damu ya mzee ikiwa imelegea kati yao. Kwenye kona Mugendi aligeuka nyuma. Mbwa naye akageuka, akasimama, akangoja. "Iache hivyo hivyo. Nitaijaza mimi mwenyewe."