Vidonge Nilivyovificha, Mke Niliyempoteza

Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Ninaishi Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu ni kujalidi vitabu: nashona kurasa zilizoachana, natia gundi, navisha jalada jipya. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kuvisoma vitabu vya watu kabla ya kuvirudisha. Nasema haya si kwa kujisifu, bali mjue tangu mwanzo kwamba nililolifanya sikulifanya kwa ujinga. Nilijua... na hilo ndilo linalonitia haya hadi leo.

Maumivu yalianza miaka minne kabla ya mkasa huu. Mabega, kisha kiuno, kisha mwili mzima, kama mtu aliyepigwa usiku kucha. Vipimo vya damu vilitoka safi. Picha za mifupa zikatoka safi. Nilikandwa kwa mafuta ya karafuu, nikanywa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa maji. Wapi! Majirani wengine walisema nina jini, wengine wakasema nina uvivu. Mmoja aliniuliza barazani mbele ya watu, "Fundi, leo waumwa wapi? Tubandikie ratiba, tujue kesho ni zamu ya kiungo gani." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao.

Aliyeniamini ni mke wangu, Rukia. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na sita, na mtoto wetu Nuru alikwisha kuwa na kwake. Asubuhi vidole vyangu vilipokataa kukunja, yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali moja baada ya nyingine, hadi daktari mmoja wa kike, mtu wa bara, akanibonyeza mwilini hapa na pale, akaupa ugonjwa wangu jina: fibromialjia. Akasema si jini wala uvivu, ni maumivu ya kweli. Rukia alilia pale pale kwenye kiti. Nafikiri alilia kwa kuona kuwa hakuniamini bure.

Daktari akanipa vidonge vipya, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Alinionya kuwa wiki za mwanzo vingenipa usingizi na kizunguzungu, na vikinizidi nirudi kwake. Alisisitiza nisiviache ghafla hata siku moja, kwa sababu mwili hulipiza. Kisha akaniambia niandike kila siku kwenye daftari nimemeza nini na nimeumwa kiasi gani.

Daftari lilinifurahisha kuliko dawa. Nililipigia mistari kwa rula, saa upande huu, maumivu upande ule. Baada ya wiki mbili maumivu yalikuwa yamepungua kweli, lakini kichwa kilikuwa kama kimejazwa pamba. Nilisimama na sindano mkononi nisikumbuke nashona nini.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani. Katika mwezi huo misahafu huja kwangu kwa vikapu, maana kila nyumba yataka msahafu wake uwe mzima kabla ya Ramadhani. Bi Shamsa, mjane wa mtaani kwetu, aliniletea msahafu aliouacha marehemu mumewe. Niliushona, nikamrudishia, nikaendelea na mwingine.

Siku ya nne ya Ramadhani akarudi nao chini ya buibui. Alikuwa akisoma na wanawake wenzake sebuleni, kwa zamu. "Fundi," akaniambia, "nilikuwa katika Sura Yusuf. Nikafungua ukurasa, nikajiona niko katika Sura Nahl. Wenzangu walidhani uzee umenishika. Sasa niambie wewe, uzee umemshika nani?"

Niliufungua. Fungu zima la kurasa nilikuwa nimelishona mahali pasipo pake. Kwa miaka thelathini sikuwa nimewahi kukosea msahafu... Nilimwomba radhi, nikaushona upya siku hiyo hiyo. Sikumwambia kuwa natumia dawa inayoleta usingizi. Nilipoinuka pale kitini nilikuwa nimekwisha kuamua: vidonge basi.

Mtauliza, kwa nini sikurudi kwa daktari? Alikuwa ameniambia nirudi. Hospitali si mbali, ni kupita Marikiti na kuendelea kidogo tu. Lakini daktari alikuwa amelisifu daftari langu, na Rukia alikuwa akiwaambia watu kuwa dawa imenifaa. Niliona haya kuwa mgonjwa aliyeshindwa na dawa. Basi kila futari na kila daku Rukia aliponipa kidonge na maji, nilikiweka chini ya ulimi, nikashuka kwenye karakana yangu iliyo chini ya nyumba, nikakitema ndani ya bati la gundi lililokuwa tupu. Kisha nikaandika kwenye daftari: nimemeza.

Siku ya tatu mwili ulianza kulipiza. Jasho, mikono kutetemeka, usingizi kutoweka, na maumivu yakarudi na jamaa zake. Nikawa mtu wa hasira. Kijiko kikianguka, naudhika. Rukia akiniuliza nataka nini, naudhika. Yeye akadhani ugonjwa umezidi, akanipeleka kwa daktari.

Daktari alilisoma daftari akakunja uso. Akasema basi kipimo hiki hakitoshi, akaandika kikubwa zaidi. Aliniuliza kama nina hakika sikuruka siku yoyote. Kabla sijafungua mdomo Rukia akajibu, "Huyu hakosi hata kimoja, daktari. Mimi mwenyewe ndiye nimpaye kwa mkono wangu."

Alinitetea... nami nikanyamaza.

Wiki moja baadaye, baada ya alasiri, jirani alituletea tende. Rukia akashuka karakanani kutafuta bati tupu la kuzitia. Alipopanda alikuwa na lile bati mkononi. Hakupaza sauti.

"Baba Nuru, hivi ni nini?"

Nikasema ni vidonge vya zamani.

"Vya zamani vina mate? Nimekuwa nikimpa nani dawa, wewe au bati?" Kisha sauti yake ikashuka. "Na kwa daktari ukaniacha niseme vile, nawe umekaa."

Mtu mwenye kosa akikosa jibu hutafuta silaha, nami niliyoiona karibu ni moja. Nikamwambia, "Rukia, nimekuacha. Talaka moja."

Kaimati za futari zilikuwa kwenye mafuta. Alizima jiko kwanza, akaziepua moja moja, ndipo akakaa chini.

Kesho yake nilikwenda kwa sheikh mmoja ninayemjalidia vitabu. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu aliyetokwa na akili, talaka yake haipiti. Nikamweleza ugonjwa wangu, nikamweleza dawa inavyofunika kichwa, hata habari ya msahafu wa Bi Shamsa nikaitia kama ushahidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jambo moja tu: "Siku hiyo, dawa ulikuwa umeimeza?"

Nikasema ndiyo. Akanitaka niape. Nikaapa, na saumu mdomoni.

Akasema, ikiwa ni hivyo, talaka haikupita, nenda ukae na mkeo.

Nilirudi nyumbani kama mtu aliyebeba zawadi. Rukia alinisikiliza, kisha akaivuta khanga akajifunika kichwa, kama afanyavyo mbele ya mwanamume wa kando. Akaniuliza, "Umemwambia ulimeza?" Nikaangalia chini. "Basi fatwa hiyo ni ya mtu mwingine," akasema. "Siwezi kulala na mume kwa kiapo cha uongo." Akafunga nguo zake, akaenda Tononoka kwa kaka yake, Athmani.

Nilipomfuata, Athmani alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza hali kama kawaida. Kisha akasema, "Shemeji, mtu aliyepotewa na akili hahesabu talaka. Wewe ulisema moja. Hata katika hasira umepima." Lakini hakunifungia mlango. Alitaka nirudi kwa sheikh nikaseme kweli, kisha nimrejee mke wangu. Kwa talaka ya kwanza mume huweza kumrejea mkewe kwa neno tu, maadamu eda haijaisha. Eda yake ilikuwa miezi mitatu. Baada ya hapo mke huwa huru, na hapati kurudi ila kwa nikaha mpya na kwa ridhaa yake.

Miezi mitatu! Nani angeshindwa?

Mimi nilishindwa. Kumrejea ni kukiri kwamba nilimwacha, na kukiri nilimwacha ni kukiri kwamba niliapa uongo katika Ramadhani mbele ya mtu anayeniheshimu. Nikasema nitakwenda baada ya Idi. Idi ikapita, nikasema nitakwenda maumivu yakipungua. Niliyaandika maneno nitakayomwambia sheikh, nikayasahihisha, nikayaandika tena. Mtu mzima, akinakili aibu yake kwa mwandiko mzuri...

Wa kwanza kumwambia kweli alikuwa daktari, kwa kuwa yeye si mtu wa mtaani kwetu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mbona hukuniambia? Ningekupunguzia." Alinianzisha upya kwa kipimo kidogo, akakipandisha polepole. Usingizi ulinisumbua siku kama kumi na tano, kisha ukaondoka wenyewe. Siku kumi na tano! Hicho ndicho kitu nilichokikimbia.

Kwa sheikh nilifika siku tano baada ya eda kwisha. Nikamweleza yote, hata kile kiapo. Kisha akaniambia kuwa talaka ilipita tangu siku ile, na kwamba sasa Rukia si mke wangu. Nikimtaka, nikamwombe kama mwanamume mwingine yeyote.

Nilikwenda Tononoka. Athmani alikaa kati yetu, lakini Rukia alijibu mwenyewe. "Nimekusamehe, na Mungu akuponye," alisema. "Miaka minne nilikaa na ugonjwa wako, na haukunichosha. Uongo wako wa wiki chache ndio ulionichosha. Kuolewa nawe tena, sitaki."

Siku hizi naumwa kidogo, nafanya kazi, napika mwenyewe. Watu wakiuliza, wengine husema ni ile dawa iliyomharibu fundi. Nimewaacha waseme hivyo muda mrefu, ndiyo maana naandika leo. Si dawa. Lile neno lilitoka kwangu, na kiapo kilitoka kwangu.

Ndugu msomaji, kama umepewa dawa mpya na yakulemea, rudi kwa aliyekupa, wala usiiache kwa akili yako, hata ukiwa umesoma vitabu vyote. Na aliye nyumbani mwambie siku hiyo hiyo. Usingoje upate maneno mazuri. Sema hayo mabaya uliyo nayo, angali yupo wa kukusikiliza.