Haya, Mjomba

Kila asubuhi, kabla ya wachimbaji kuanza kazi, Abubakr aliupima ukuta.

Machimbo yao yalikuwa kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Amu. Hapo watu hukata mawe ya kujengea nyumba. Mawe yakishakatwa, nyuma yake hubaki ukuta wa mwamba, mrefu kuliko watu wawili. Abubakr alikuwa msimamizi. Aliupita ukuta polepole, akiugonga kwa mtaimbo. Palipotoa sauti kali, palikuwa pazima. Palipolia kama mtungi mtupu, palikuwa pameoza ndani.

Usiku uliopita mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Abubakr alikuwa amefika katikati ya ukuta simu yake ilipolia.

"Mwanangu Abu, mashua iko ndiani," alisema Bwana Uthman.

Bwana Uthman alikuwa mjomba wake. Ndiye aliyemlea huko Pate baada ya baba yake kufariki. Sasa alinunua mawe ya machimbo yale na kuyapeleka Amu.

"Leo, mjomba? Iko njiani tayari? Tulisema kesho kutwa."

"Kesho kutwa bamvua litakuwa limekwisha. Fundi anangoja mawe na mimi nimempa ahadi. Nataka mashua ijae yeo, si kesho."

Abubakr alielewa. Wakati wa bamvua maji ya bahari hujaa sana, na mashua ya mawe hufika mpaka ukingoni. Bamvua likipita, mashua hukwama kwenye matope.

Aliutazama ukuta. Ulikuwa mweusi kwa maji. Alitaka kusema hapana. Lakini kwao Pate, mtu hamkatalii mkubwa wake, tena mkubwa aliyemlisha.

"Haya, mjomba," alisema.

Akauweka mtaimbo chini, akaenda kuwaita watu. Nusu ya pili ya ukuta haikupimwa.

Rufus, mkataji hodari kutoka bara, aliugusa mwamba kwa kiganja.

"Bosi, ukuta huu umekunywa maji. Wewe mwenyewe ulitufundisha. Mvua ikinyesha, tunauacha ukauke."

"Najua, Rufus. Lakini mzee anangoja. Kata pale mwisho, haraka haraka, kisha utoke."

"Mzee anangoja. Na ukuta je, umeambiwa ungoje?"

Rufus alicheka, akachukua sururu yake. Msimamizi amesema. Yeye angefanya nini?

Kabla ya adhuhuri ukuta ulianguka. Hakukuwa na vumbi, kwa sababu mwamba ulikuwa umelowa. Kulikuwa na kishindo kimoja tu, kisha sauti ya Rufus ikimwita mama yake.

Waliinua jiwe kwa mitaimbo, wanaume wote pamoja. Mashua iliyokuja kuchukua mawe ilimchukua Rufus kwenda hospitali ya Amu. Huko hospitalini madaktari walijaribu, lakini mguu wa kulia haukuweza kuokolewa. Ukakatwa chini ya goti.

Rufus aliporudi Manda, alikwenda zahanati mara kwa mara kusafishwa kidonda. Abubakr alimsindikiza. Valary, mke wa Rufus, hakuitikia salamu ya Abubakr. Alitazama pembeni, akamshika mumewe mkono.

"Usimjali, bosi," alisema Rufus. "Mimi nimepungua uzito tu."



Sista Kagendo, muuguzi mkuu wa zahanati ile, alimaliza kufunga kidonda. Kisha alimfuata Abubakr nje. Abubakr alikuwa ameinama ukutani, akilia bila sauti.

"Bwana Abubakr, wachimbaji wamenisimulia. Siku ile mjomba wako alipopiga simu, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia haya."

"Na moyoni?"

"Moyoni nilisema hapana."

"Ya moyoni mjomba hakuisikia. Simu haiipitishi."

Abubakr alijifuta uso. "Sista, wewe ni mtu wa bara. Kwetu kumkatalia mkubwa ni kukosa adabu."

"Hata kwetu Meru wakubwa wapo," alisema Kagendo. "Adabu ni namna ya kusema. Mwamkie mkubwa wako. Mkalishe, mpe chai. Kisha mwambie hapana. Mimi nilipoanza kuongoza wauguzi, nilikubali kila nililoagizwa. Nikawafanyisha kazi mchana na usiku. Siku moja muuguzi wangu alisinzia, akampa mgonjwa dawa isiyo yake. Aliyekosea ni yeye, lakini aliyemchosha ni mimi."

"Sasa husemaje?"

"Nasema mapema, kabla mtu hajaniwekea tumaini. Nasema kwa maneno machache. Natoa sababu moja ya kweli. Ukitoa sababu kumi, atazijibu moja moja mpaka uishiwe. Kisha namwambia ninachoweza kufanya."

"Na akikasirika?"

"Mwache akasirike. Hasira yake si jiwe. Haitamvunja mtu mguu."

Jioni Abubakr alimsimulia mkewe, Nasreen. Nasreen alikuwa akikuna nazi. Aliiacha mbuzi ya kukunia, akaitupia khanga yake begani kama koti la Bwana Uthman.

"Mimi ni mjomba. Mwanangu Abu, mashua iko ndiani!"

"Mjomba, mimi naona kama... labda tungeangalia..."

"Ushashindwa! Mawe yangu nimepata. Anza tena."

Alianza tena. Nasreen alikuwa mjomba mkali kuliko mjomba mwenyewe. Alimlaumu, alilia, alimkumbusha uji aliompa utotoni. Abubakr alishindwa mara nyingi kabla ya neno kumtoka.

Hapana ya kweli ya kwanza hakumwambia mjomba. Alimwambia Jabez, mkataji mwingine, asubuhi moja baada ya mvua.

"Naingia chini ya ukuta kuchukua sururu yangu, bosi. Mara moja tu."

"Hapana, Jabez. Ukuta umelowa. Chukua yangu."

"Eh! Umekula nini leo?"

Wenzake walicheka. Lakini Jabez hakuingia. Tangu siku ile wachimbaji walianza kumwambia Abubakr kila ufa walioona. Zamani walinyamaza, maana walijua atasema haya kwa mnunuzi. Sasa kazi ilikwenda polepole zaidi, na hakuna mwingine aliyeumia. Hata Rufus alirudi. Alinoa vyombo vya kazi akiwa ameketi, gongo lake kando.

Bamvua jingine lilikuja na mvua. Safari hii Bwana Uthman alifika mwenyewe na mashua. Abubakr alimbusu mkono, akamkalisha kivulini. Nasreen akaleta chai.

"Mjomba, nilikupigia jana nikakwambia. Mawe yako ni yale pale, nusu mashua. Ukuta umelowa. Ukikauka tutakata mengine, uyachukue bamvua lijalo."

"Nilisikia. Nikajua nikija mwenyewe utanipa. Nimemwahidi mtu mashua nzima. Watie watu wako kazini."

"Hapana, mjomba."

Bwana Uthman alikiweka kikombe chini.

"Abu. Nimekulisha kwa mkono huu. Yeo wanikatalia mbele ya vibarua?"

Neno la zamani, haya, lilimjia Abubakr ulimini, jepesi kama mate. Rufus aliacha kunoa. Valary, aliyemletea mumewe chakula, alisimama na sufuria mkononi, akimtazama Abubakr kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Mjomba, nakupenda, na fadhila zako sitazisahau," alisema Abubakr. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Siku ile uliponipigia simu, nilitaka kukwambia hapana. Nikakwambia haya. Niliogopa uso wako kuliko nilivyoogopa ukuta. Leo hapana mtu wangu atakayeingia pale. Ukikasirika, nitakuja nyumbani kwako kukuomba radhi, hata kila siku. Lakini mguu wa mtu siwezi kuurudisha."

Bwana Uthman aliinuka bila kuimaliza chai, akawaambia mabaharia wake wapakie ile nusu mashua.